Nyota Anapohamia kwa Jirani: Mashabiki wa Raga ya Ligi na Uchungu wa Kuondokewa

Mwaka 1971 South Sydney waliifunga St George 16–10 katika fainali na kutwaa ubingwa wa raga ya ligi wa Sydney kwa mara ya nne katika misimu mitano. Mashabiki wao walitembea vifua mbele. Lakini hazina ilikuwa imekauka. Klabu ya burudani ya wanachama, iliyokuwa ikiigharimia timu, ilikuwa taabani kifedha, na wachezaji wakaanza kuondoka. Ron Coote akaenda Eastern Suburbs, majirani wa mtaa wa pili. John O'Neill na Ray Branighan wakaenda Manly, ng'ambo ya bandari. Fainali ya 1972 ikazikutanisha Manly na Eastern Suburbs, timu mbili zilizoimarishwa na watu wa Souths, huku Souths wenyewe hawamo. Ubingwa mwingine waliupata mwaka 2014, miaka 43 baadaye.

Shabiki anayebaki jukwaani baada ya jambo kama hilo anakabiliwa na swali gumu kuliko linavyoonekana kwa asiyependa michezo. Jana alimshangilia mtu huyu hadi sauti ikamkauka. Leo mtu yuleyule, kwa miguu ileile na akili ileile, anafanya kazi ya kumliza. Je, amchukie? Amsamehe? Ajifanye hakumpenda kamwe? Na klabu iliyomwacha aende je?

Wengi hulijibu swali hili kwa kumwambia shabiki akue, eti huu ni mchezo tu na mchezaji ni mwajiriwa kama waajiriwa wengine. Jibu hilo halitoshi. Uchungu wa shabiki ni wa haki, na unaweza kuheshimiwa bila kumnyima mchezaji haki yake ya kufanya kazi anapotaka. Historia ya raga ya ligi inaonyesha kwamba mashabiki waliovuka msiba wa aina hii vizuri zaidi ni wale walioufunga moyo wao kwenye klabu kama jumuiya, yenye vijana wake, mahali pake na kazi ya kuitunza. Inaonyesha pia kwamba sehemu kubwa ya maumivu haitoki kwa mchezaji. Inatoka kwenye taratibu za ligi na mienendo ya viongozi, na hayo yanaweza kurekebishwa.

Mchezo uliozaliwa na suala la ujira

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaifahamu zaidi raga ya wachezaji 15, na ile ya wachezaji saba iliyoipa Kenya jina duniani. Raga ya ligi ni ndugu aliyejitenga. Utengano ulitokea tarehe 29 Agosti 1895 katika hoteli ya George mjini Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, na kisa kilikuwa pesa. Wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwanda vya nguo walikatwa ujira kila walipoacha kazi Jumamosi kwenda kucheza. Wakubwa wa chama cha raga, ambao wengi walikuwa watu wenye nafasi, walikataa wachezaji hao wafidiwe hata senti. Klabu 22 za kaskazini zikajitoa, zikaunda chama chao, na zikaruhusu mchezaji alipwe hadi shilingi sita kwa siku ya kazi aliyoikosa. Mwaka 1906 idadi ya wachezaji uwanjani ikapunguzwa hadi 13, na tangu hapo michezo hiyo miwili ikawa na njia mbili.

Asili hii ina uzito katika mjadala wetu. Shabiki anayemlaani mchezaji kwa sababu "amefuata pesa" analaani jambo lililouzaa mchezo anaoupenda. Raga ya ligi ilianzishwa ili kijana wa mgodini asichague kati ya kucheza na kula.

Hata hivyo haki hiyo haikukamilika kwa siku moja. Kwa miongo mingi klabu za Sydney ziliweza kumzuia mchezaji asiende popote hata mkataba wake ukiwa umekwisha. Dennis Tutty wa Balmain alikataa kuishi hivyo. Alikaa nje msimu mzima wa 1969, na gharama yake ilikuwa kubwa: msimu huohuo Balmain waliifunga South Sydney 11–2 katika fainali, wakawa mabingwa bila yeye. Desemba 1971 Mahakama Kuu ya Australia ikaamua kwamba utaratibu ule ulikuwa unamnyima mtu uhuru wa kufanya kazi kinyume cha sheria. Mwaka 1991 wachezaji wakashinda tena mahakamani, safari hii dhidi ya mpango wa kuwagawa kwa klabu bila hiari yao.

Mwaka mmoja kabla ya ushindi huo, 1990, ligi ya Sydney ilikuwa imeweka ukomo wa mishahara: kila klabu ina kiwango ambacho haipaswi kukizidi katika kuwalipa wachezaji wake wote. Lengo ni jema, matajiri wasinunue kila kitu. Lakini ukomo huo una tabia yake. Timu inapotwaa ubingwa, thamani ya wachezaji wake hupanda, na klabu haiwezi kuwalipa wote. Ubingwa wenyewe huleta kuondoka. Shabiki anayeinua kombe Oktoba anajua kwamba baadhi ya waliompa furaha hiyo watakuwa kwingine msimu ujao. Klabu ya Melbourne Storm ilijaribu kukwepa hesabu hiyo kwa malipo ya siri. Mwaka 2010 ilinyang'anywa ubingwa wa 2007 na wa 2009.

Kwa nini jirani anauma zaidi

Nyota akienda kucheza Ulaya, shabiki humkosa kama mtu aliyesafiri. Akihamia kwa mahasimu, humwona kila wiki kwenye televisheni, humsikia akisifiwa na mfanyakazi mwenzake ofisini, na angalau mara moja kwa mwaka hukutana naye uwanjani akiwa upande wa pili.

Uhasama wa South Sydney na Eastern Suburbs, ambao leo wanaitwa Sydney Roosters, una umri sawa na ligi yenyewe. Msimu wa kwanza ulichezwa 1908, na fainali ilikuwa yao: Souths 14, Easts 12. Mashina yao yametenganishwa na kilomita chache tu. Souths walikulia Redfern na mitaa ya viwanda, wakiwa timu ya vibarua, wahamiaji na jamii kubwa ya Waaborijini wa mjini. Roosters ni wa mashariki, upande wa Bondi na nyumba zinazotazama bahari, na kwa miaka mingi wameonekana kuwa klabu yenye mfuko mnene. Mchezaji anapovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, shabiki haoni mwajiriwa aliyebadilisha ofisi. Anaona hadithi nzima ya mtaa wake, ya walionacho na wasionacho, ikirudiwa mbele ya macho yake.

Magharibi mwa jiji kuliwahi kutokea jambo la namna hiyo. Western Suburbs walikuwa timu ya nyumba za bei nafuu, na kocha wao Roy Masters aliwajaza wachezaji wake hasira ya kitabaka dhidi ya matajiri wa Manly. Hasira hiyo ikawa ndiyo utambulisho wao. Kisha, kwa msimu wa 1980, Les Boyd na John Dorahy wakahamia Manly. Hebu fikiri kijana aliyefundishwa kwamba Manly ndio wanaotunyonya, halafu mashujaa wake wawili wanakwenda kuvaa jezi ya haohao. Western Suburbs hawakuwahi kurudi juu walikokuwa, na mwisho wa 1999 waliungana na Balmain kuunda klabu mpya.

Mtanzania hahitaji kufundishwa hisia hii. Emmanuel Okwi, Haruna Niyonzima, Bernard Morrison na, mwaka 2024, Clatous Chama, wote waliuvuka mpaka wa Simba wa Msimbazi na Yanga wa Jangwani, na nchi nzima ilijadili. Simba yenyewe ilizaliwa 1936 kutokana na watu waliotoka Yanga.

Kinachovunjika

Mwaka 1976 mwanasaikolojia wa Marekani Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti ambao hadi leo unatusaidia kuelewa jambo hili. Waligundua kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu walivaa zaidi nguo zenye nembo ya chuo chao Jumatatu iliyofuata baada ya timu ya chuo kushinda. Walipoulizwa kuhusu matokeo, wakiwa wameshinda walielekea kusema "tulishinda", na wakiwa wamefungwa walielekea kusema "walifungwa". Ushindi tunauingia, kipigo tunakitoka.

Nyota ndiye mlango wa kuingilia ushindi huo. Kwa hiyo anapokwenda kwa jirani, vitu vitatu huguswa kwa pamoja.

Kwanza ni ile "sisi". Shabiki aliamini kwamba yeye na mchezaji wako upande mmoja wa jambo fulani. Kuhama kunamwonyesha kwamba kwa mchezaji upande huo ulikuwa na tarehe ya mwisho, nayo iliandikwa kwenye karatasi tangu mwanzo.

Pili ni kesho. Shabiki hajafurahia tu alichokiona. Ameshapanga misimu ijayo kichwani, ameshampa nyota huyo makombe ambayo hayajachezwa. Hayo yote hupotea siku moja, na hakuna anayempa pole kwa kupoteza kitu ambacho hakikuwahi kuwepo.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, ni kumbukumbu. Luke Keary alikuwa mmoja wa vijana waliomaliza ile njaa ya miaka 43 mwaka 2014. Baada ya msimu wa 2016 akaenda Roosters. Septemba 2018 Roosters wakaifunga Souths 12–4 katika mechi ya kuwania nafasi ya fainali, Keary akiwa nao. Wiki iliyofuata alichaguliwa mchezaji bora wa fainali na kuvishwa medali yenye jina la Clive Churchill, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa katika historia ya South Sydney. Kwa shabiki wa Souths hilo lilikuwa pigo juu ya pigo. Picha ya 2014 iliyoko ukutani ina uso wa mtu huyo. Aiondoe?

Asiiondoe. Kilichotokea 2014 kilitokea. Keary alicheza siku ile kwa ajili ya Souths kwa nguvu zake zote, na hakuna mkataba wa baadaye unaoweza kurudi nyuma na kuifuta siku hiyo. Shabiki anayekubali kwamba jezi mpya inafuta jasho la jezi ya zamani anajinyang'anya mwenyewe mali ambayo hakuna klabu nyingine inayoweza kuisajili.

Njia za kustahimili, na uzito wa kila moja

Njia ya kwanza, na ya zamani kuliko zote, ni kuzomea. Wengi huiona kuwa ukosefu wa adabu. Mimi naiona kuwa lugha. Umati unaomzomea mchezaji aliyehama unamwambia kwamba alikuwa na thamani. Hakuna anayemzomea aliyekuwa akikaa benchi. Lakini lugha hii ina mpaka, na mpaka huo hauna mjadala: mwisho wake ni pale mchezaji anaposhambuliwa kwa rangi, kwa familia au kwa vitisho. Latrell Mitchell, mchezaji wa Kiaborijini, alitukanwa kwa rangi yake na mtazamaji katika uwanja wa Penrith mwaka 2023. Hilo halina uhusiano na uchungu wa mpira, na uchungu wa mpira haupaswi kukopeshwa kwa watu wanaotafuta kisingizio cha chuki waliyokuwa nayo tayari.

Njia ya pili ni kumshusha thamani aliyeondoka. Ghafla yule nyota "alikuwa ameshaisha", "hakuwa akikaba", "alitegemea wenzake". Ni dawa ya haraka, lakini haidumu, kwa sababu uwanja husema ukweli. Ron Coote hakuwa ameisha alipoondoka Souths: alitwaa ubingwa na Eastern Suburbs mwaka 1974 na tena 1975. Waliojifariji kwa uongo waliumia mara mbili.

Njia ya tatu ni kuwageukia viongozi. Mara nyingi ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli. Mwaka 1972 kosa halikuwa la Coote wala O'Neill, wanaume waliokuwa na familia na miaka michache ya kucheza. Kosa lilikuwa la hesabu za klabu. Lakini hasira kwa viongozi ina faida pale tu inapogeuka kuwa madai: hesabu ziwekwe wazi, wanachama wapige kura, mipango ya mikataba ielezwe. Hasira inayoishia kwenye kelele huwaacha viongozi palepale walipo.

Njia ya nne ni kumhamishia upendo kijana anayechipukia, na hapa mfano bora uko Uingereza. Leeds walikuwa na Iestyn Harris, fundi wa mpira aliyekuwa roho ya timu. Mwaka 2001 aliondoka kwenda kucheza raga ya wachezaji 15 Wales. Aliporejea kwenye raga ya ligi mwaka 2004 hakurudi Leeds. Alijiunga na Bradford, mahasimu wa umbali wa safari fupi ya basi, na Leeds wakafungua madai wakisema alikuwa amekubali kurudi kwao. Mashabiki walikuwa na kila sababu ya kusononeka. Lakini pengo lilikuwa limeshajazwa na vijana waliolelewa na klabu yenyewe: Kevin Sinfield, Rob Burrow, Danny McGuire. Oktoba 2004 Leeds na Bradford wakakutana katika fainali kuu, Harris akiwa upande wa Bradford. Leeds wakashinda 16–8 na kutwaa ubingwa wa kwanza tangu 1972. Mwaka uliofuata Bradford wakalipiza, 15–6. Kisha mambo yakageuka: Jamie Peacock, nahodha wa Bradford na mzaliwa wa Leeds, akahamia Leeds mwaka 2006, akashinda fainali kuu sita akiwa huko.

Sasa uchungu ukawa wa Bradford. Na Bradford ndio wanaotufundisha lililo kubwa zaidi, kwani klabu hiyo iliyumba kifedha hadi kampuni yake ikafilisiwa Januari 2017, na klabu mpya ikabidi ianze upya daraja la chini. Kuondoka kwa nahodha ni msiba, lakini timu inaweza kuupona. Kufa kwa klabu kunamwacha shabiki bila pa kuulilia msiba wowote.

Kuna pia njia ya tano, ya kumfuata mchezaji aendako. Watoto hufanya hivyo zaidi, nami siwalaumu, maana mtoto humpenda mtu kabla hajaelewa taasisi. Lakini mtu mzima anayeifanya hupoteza kitu ambacho mchezaji hawezi kumrudishia: watu anaokaa nao jukwaani.

Kuondoka hakufanani

Mjadala mwingi huharibika kwa sababu watu huweka kuondoka kote katika kapu moja.

Yuko anayeondoka kwa kusukumwa. Waswahili husema akufukuzaye hakwambii toka. Mitchell alikuwa ametwaa ubingwa na Roosters 2018 na 2019. Mazungumzo ya mkataba mpya yakakwama, klabu ikaondoa ofa yake, na mwanzoni mwa 2020 akasaini Souths. Mashabiki wa Roosters waliomwita msaliti walipaswa kuwauliza viongozi wao swali moja au mawili kwanza. Yuko pia Craig Wing, kijana wa Souths aliyejikuta hana timu pale Souths walipoondolewa kwenye ligi baada ya msimu wa 1999. Alikwenda Roosters, akatwaa ubingwa nao 2002, na mwaka 2008 akarudi Souths. Nani angemwambia asile kwa miaka miwili akisubiri mahakama iamue hatima ya klabu yake?

Yuko anayemaliza mkataba wake kwa uaminifu na kwenda kwingine. Huyu hana deni. Keary na Coote wako hapa. Shabiki ana haki ya kuhuzunika, lakini neno "msaliti" halimkai.

Na yuko anayevunja ahadi. Julai 2008 Sonny Bill Williams aliondoka Bulldogs ya Sydney katikati ya msimu, mkataba ukiwa bado una miaka, akaenda Toulon nchini Ufaransa bila kuwaaga wenzake wala mashabiki. Aliporudi Sydney mwaka 2013 alivaa jezi ya Roosters na kutwaa ubingwa msimu uleule. Mashabiki wa Bulldogs walikuwa na hoja ya kweli: tuliambiwa atakuwepo, naye hakuwepo. Hasira hii ni tofauti na zile nyingine, kwani inatokana na neno lililotolewa na kuvunjwa.

Hata aliyeondoka kihalali hukuta gharama njiani. Agosti 2021 Mitchell, akiwa Souths, alimkumba kichwani Joseph Manu, rafiki yake na mchezaji mwenzake wa zamani wa Roosters, akamvunja mfupa wa shavu. Alifungiwa mechi sita, akaikosa fainali ambayo Souths waliipoteza kwa Penrith 14–12. Timu hizo mbili zilipokutana kwenye mechi ya mtoano Septemba 2022, wachezaji walitolewa nje kwa muda mara saba, na Souths wakashinda 30–14. Wachezaji nao hubeba uzito wa kuvuka. Shabiki akilijua hilo, humwona aliyehama kama mtu.

Uchungu uliojenga

Jambo linalonifanya niuheshimu mchezo huu ni kwamba mashabiki wake hawakuishia kulia. Maumivu ya kuondokewa yamezaa taasisi.

Mashine za kamari ziliruhusiwa New South Wales mwaka 1956, na klabu za burudani za Sydney zikapata fedha ambazo jimbo jirani la Queensland halikuwa nazo. Wachezaji bora wa Queensland wakamiminika Sydney. Kwa kuwa uteuzi wa timu za majimbo ulifuata klabu ya mchezaji, watu wa Queensland walishuhudia wana wao wakivaa jezi ya New South Wales na kuwafunga nyumbani, mwaka baada ya mwaka. Ni vigumu kufikiria kuondokewa kukubwa kuliko huko. Jibu lilipatikana tarehe 8 Julai 1980 katika uwanja wa Lang Park mjini Brisbane: mechi ya kwanza ambayo kila mchezaji aliwakilisha jimbo la asili yake. Arthur Beetson, mzaliwa wa Roma, Queensland, ambaye alishaichezea New South Wales, aliiongoza Queensland akiwa na umri wa miaka 35. Hakusita kumkaba kwa nguvu Mick Cronin, ambaye walicheza pamoja Parramatta. Queensland wakashinda 20–10 mbele ya watu zaidi ya 33,000. Leo mechi hizo za majimbo ndizo tukio kubwa kuliko yote katika raga ya ligi ya Australia. Hazikumzuia yeyote kwenda kutafuta maisha Sydney. Zilimpa tu siku za kurudi nyumbani.

Souths na Roosters nao walifanya lao. Leo wanashindania kombe lililopewa jina la Ron Coote, yule yule aliyevuka mwaka 1972. Mtu aliyekuwa jeraha amekuwa heshima ya pande zote mbili, na Agosti 2024 aliingizwa katika safu ya wachezaji wakubwa wa nyakati zote, ambayo kabla yake ilikuwa na watu 13 tu. Haikutokea kwa amri. Ilitokana na mashabiki wa pande zote waliokubali, kila upande, kumhesabu kuwa wao.

Kisha kuna maandamano. Souths walipoondolewa kwenye ligi, mashabiki waliojua uchungu wa kupoteza mchezaji mmoja mmoja walijikuta wamepoteza timu nzima. Hawakuhamia Roosters. Wakiongozwa na George Piggins, mchezaji wao wa zamani, walichanga fedha, walikwenda mahakamani, na makumi ya maelfu walijaza barabara za Sydney. Mwaka 2002 timu ilirudi uwanjani. Watu hawa ndio ushahidi wa hoja yangu: walipenda kitu kikubwa kuliko jina lolote mgongoni mwa jezi.

Nani afanye nini

Wajibu wa klabu ni ukweli na heshima. Kama klabu haitaki au haiwezi kumbakiza nyota, iseme hivyo kabla ya tetesi kusema. Imuage mchezaji hadharani, mbele ya watu waliomlipia tiketi. Shabiki aliyepewa nafasi ya kuaga hazomei kama aliyeshtukizwa.

Wajibu wa shabiki ni kutofautisha: aliyesukumwa, aliyemaliza, aliyevunja ahadi. Na ni kuwekeza pale pasipohama, kwenye uanachama na kwenye timu za vijana.

Wajibu mkubwa zaidi ni wa ligi. Nchini Australia mchezaji anayeingia mwaka wa mwisho wa mkataba wake anaruhusiwa kuzungumza na klabu nyingine kuanzia tarehe 1 Novemba, mwaka mzima kabla ya kuondoka. Matokeo yake ni kwamba watu humshangilia kwa msimu mzima mtu aliyekwisha kusajiliwa na jirani. Angus Crichton alicheza msimu wa 2018 akiwa Souths huku kila mtu akijua kwamba msimu ujao ni wa Roosters. Mwaka 2025 Daly Cherry-Evans, nahodha wa Manly, alitangaza msimu ukiwa ndiyo kwanza umeanza kwamba huo ungekuwa wa mwisho wake pale, kisha naye akaelekea Roosters.

Wanaoutetea utaratibu huu husema mchezaji anahitaji uhakika wa mapema kwa ajili ya familia yake: nyumba, shule za watoto, kazi ya mwenzi wake. Hoja hiyo ni ya kweli, na taaluma hii ni fupi na ya hatari. Lakini uhakika huo unaweza kupatikana kwa dirisha la usajili linalofunguliwa fainali ikishachezwa na kufungwa kabla ya maandalizi ya msimu mpya kuanza, lenye majuma ya kutosha na fidia ya gharama za kuhama. Mchezaji atabaki huru, klabu zitashindana, na kila mechi itachezwa na watu ambao mioyo yao haijagawanyika.

Mahakama zilimpa mchezaji haki yake mwaka 1971, nayo ilistahili. Shabiki hana mahakama. Hana mkataba anaoweza kuuonyesha, ingawa ndiye anayelipa, anayebaki, na anayeandamana timu inapokufa. Ligi iliyoanzishwa ili mfanyakazi asidhulumiwe Jumamosi yake inaweza kumfanyia mfanyakazi aliyeko jukwaani jambo moja dogo la haki: isimuuzie tena tiketi ya kumshangilia mtu ambaye tayari ni wa jirani.